Kutoa maoni kuhusu mazoezi ya kijeshi kisiwani: huduma ya Tinian na ya kwetu Mombasa mizanini

Huduma tunayoipima hapa haina duka wala bei. Ni ile ya serikali kumwendea mkazi wa kisiwa na kumwambia: jeshi linataka kufanyia mazoezi kwenye ardhi yenu, makaratasi ndiyo haya, someni kisha mseme. Tumeipima kwa mfano wa kisiwa cha Tinian katika Bahari ya Pasifiki, halafu tukaiweka kando ya huduma ya aina hiyohiyo ambayo mtu wa Likoni, Mtongwe au Mji wa Kale anaweza kuidai chini ya sheria za Kenya. Kipimo chetu ni kimoja: je, mwenye mradi analazimika kujibu alichoambiwa? Ukumbi mzuri, maji ya chupa na daftari la kusaini majina hatukuvihesabu.

Tinian ina kilomita za mraba 101 hivi na ni mojawapo ya Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, vilivyo chini ya Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,044. Ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 iliruka kutoka uwanja ulio kaskazini mwa kisiwa hicho, kwa hiyo habari za jeshi si ngeni kwa watu wake. Mwaka 1983 Marekani ilikodi karibu thuluthi mbili za kisiwa kwa miaka 50, pamoja na haki ya kuongeza mingine 50. Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo. Pendekezo la mazoezi lilipokuja halikuwa la kutwaa ardhi mpya. Lilikuwa la kubadilisha matumizi ya ardhi ambayo karatasi zilishasainiwa zamani, lakini watu bado wanalisha ng'ombe humo na kuvua kandokando yake.

Rasimu ya kwanza ya ripoti ya athari kwa mazingira ilitoka Aprili 2015. Ilitaka mazoezi ya risasi za moto Tinian, na ya mizinga na mabomu katika kisiwa cha Pagan, ambacho watu wake walihamishwa mwaka 1981 volkeno ilipolipuka, na wengi wao na watoto wao hawajaacha kudai kurudi. Maoni yaliyowasilishwa yalipita 27,000. Jeshi likatangaza kwamba litaiandika rasimu upya. Rasimu hiyo mpya ilitoka Juni 2025: Pagan imeondolewa kabisa, na viwanja vya risasi za moto Tinian vimepunguzwa hadi viwili. Umma ukapewa siku 75 kuisemea. Wakazi wengi bado wanapinga hata hicho kilichobaki, na wana haki. Lakini huduma iliyoweza kusukuma mpango wa jeshi kubwa namna hiyo umbali wote huo inastahili kuchambuliwa kiungo kwa kiungo.

Kilichoipa meno ni wajibu wa kujibu. Sheria ya mazingira ya Marekani iitwayo NEPA, iliyotiwa saini Januari 1970, pamoja na taratibu zilizojengwa juu yake, ambazo zilifutwa mwaka 2025, ilimtaka mkuu wa taasisi ya serikali, jeshi likiwemo, aandike athari za mradi mkubwa kabla ya kuamua, atoe rasimu hadharani, apokee maoni, kisha yale yenye hoja ayajibu ndani ya ripoti ya mwisho. Majibu hayo yaliingia kwenye kumbukumbu ambazo hakimu anaweza kuzifungua baadaye. Sheria hiyo haizuii mradi, na hili lifahamike mapema, maana ndipo watu wengi wanapovunjika moyo. Inamlazimisha mwenye mradi kutazama na kueleza. Haimlazimishi kuchagua njia isiyoumiza. Kesi ambayo vikundi vya wakazi na wenzao walifungua mwaka 2016 ilishindwa, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2020. Kwa tunavyoona sisi, mabadiliko yaliyoonekana kwenye rasimu mpya yaliingia kwa mlango wa maoni.

Sasa, maoni yenye hoja ni yapi? Ukiandika "hatutaki mabomu kisiwani kwetu", umesema kweli, na utahesabiwa, lakini hakuna afisa atakayelazimika kufanya utafiti mwingine kwa sababu ya sentensi hiyo. Ukiandika "jedwali la kelele ukurasa fulani linatumia wastani wa mwaka, tunataka kiwango cha mlipuko mmoja mmoja ukipimwa mlangoni pa shule, siku ya mazoezi, upepo ukivuma kutoka kiwanjani", umemwekea kazi mezani. Ama atoe takwimu, ama aeleze kwa maandishi kwa nini hatoi. Barua elfu moja zilizonakiliwa kutoka kwa barua moja huwekwa kundi moja na kupewa jibu moja. Hilo halina maana kwamba wingi ni bure, kwa sababu gavana na wabunge husoma idadi hata kama mtaalamu haisomi. Ila kikundi chenye watu kumi wa kuandika kifanye hivi: kila mmoja achukue sura yake, aisome hadi mwisho, na aandike maswali matatu ambayo mwenzake hakuyaandika.

Udhaifu mkubwa wa huduma ya Tinian ni uzito wake. Ripoti za aina hii huwa na mamia ya kurasa, na viambatisho huzidi hapo, vyote kwa Kiingereza cha kijeshi na cha kihandisi. Visiwa hivyo vina lugha tatu rasmi, Kichamorro, Kikarolina na Kiingereza. Mzee anayefikiri kwa Kichamorro akishikishwa kitabu kama hicho na kuambiwa ana siku 75, ameonyeshwa mlango lakini hakupewa ufunguo. Serikali ya visiwa yenyewe ililazimika kutafuta washauri wa kuichambua rasimu ya kwanza. Kijiji cha wavuvi hakina fedha za kufanya hivyo, na huduma ya haki ingetenga fungu la mtaalamu atakayewatumikia wakazi, analipwa kutoka kwa bajeti ya mradi ila anachaguliwa na wakazi wenyewe. Hapa tunaipunguzia alama nyingi.

Kwa kuwa mtu yeyote wa pwani atakayepewa ripoti ya namna hiyo atakuta vitu vilevile ndani yake, tueleze pa kufungua kwanza. Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na sura ya njia mbadala, ile inayoonyesha mahali pengine au ukubwa mwingine uliofikiriwa. Ikiwa njia mbadala zote ni kisiwa kilekile kwa mpangilio tofauti wa viwanja, uliza kwa maandishi ni sehemu zipi nyingine zilizotazamwa na kila moja iliachwa kwa sababu gani. Sura hiyo ndiyo moyo wa ripoti, na ndiyo huandikwa kwa haraka kuliko zote kwa sababu uamuzi huwa umeshaelekea mahali.

Kisha nenda kwenye kelele, na uende na kikokotoo. Ripoti za Marekani hutumia wastani wa saa 24 ambao huongezewa adhabu ya desibeli 10 kwa sauti za kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi, yaani huhesabiwa kuwa kubwa zaidi kwa kiasi hicho, na desibeli 65 za wastani huo huchukuliwa kama mpaka ambapo makazi yanaanza kuhesabiwa kuwa yameathirika. Shida ya wastani ni hii. Mlio wa desibeli 110 unaodumu sekunde moja mchana, ukitandazwa kwenye sekunde 86,400 za siku nzima, unatoka kama wastani wa desibeli 61 hivi, chini ya mpaka. Ukiutandaza tena kwenye mwaka ambao siku za mazoezi ni moja kati ya kumi, unashuka hadi 51. Kwenye karatasi kisiwa kimenyamaza. Mtoto aliyelala kibarazani hakusikia wastani, alisikia mlio. Kwa hiyo maoni yadai vitu vitatu: kilele cha kila aina ya silaha, idadi ya milio kwa siku ya mazoezi, na ramani inayoonyesha siku hiyo peke yake bila kuchanganywa na siku tulivu. Kwa Kenya tuna silaha nzuri zaidi hapa, kwa sababu kanuni za kelele za 2009 zinaweka nje ya makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na kwa kanuni hizo mchana unaishia saa mbili usiku. Nukuu namba hizo katika barua. Ni fupi na hazina ubishi.

Eneo la hatari ya risasi ni jambo la tatu, na ndilo watu hulipuuza kwa kuwa ramani yake huchorwa kwa mstari mwembamba unaoingia baharini. Risasi ya bunduki ya kawaida ya milimita 5.56 inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Ya milimita 12.7, ile ya bombomu kubwa, hupita kilomita 6. Kisiwa cha Mombasa chote kina kilomita za mraba kama 14. Ukiweka kiwanja cha silaha hiyo upande mmoja, upande wa pili haubaki nje ya hesabu. Wahandisi hujibu kwamba kuna kingo za udongo na pembe za kufyatulia zilizowekewa mipaka, na ni kweli kwamba hivyo husaidia. Basi waulize urefu wa kingo, nani anazikagua, kila baada ya muda gani, na kama mstari wa hatari uliochorwa umepunguzwa kwa kudhani kingo hizo zipo. Mara nyingi jibu la swali la mwisho ndilo linalofungua mambo.

Maji tutakaa nayo kidogo, maana kisiwa cha mawe ya chokaa huishi au hufa kwa maji yake. Tinian hunywa maji ya chini ya ardhi. Katika mwamba wa aina hiyo maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi, na uwiano wake unajulikana: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imeshikiliwa na takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kwa pampu hadi ile mita ya juu ikapungua nusu, chumvi hupanda mita 20 kutoka chini. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kambi ni la wingi: askari wangapi, lita ngapi kwa kila mmoja kwa siku, kutoka kisima kipi, na katika mwezi gani wa kiangazi. Swali la pili ni la sumu. Kemikali ya RDX inayotumika kwenye vilipuzi haishikwi sana na udongo, huyeyuka na kushuka na mvua, na mwamba wa chokaa una nyufa na mapango yanayoipitisha bila kuichuja. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imeshauri isizidi mikrogramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa ya maisha yote. Risasi nazo huacha madini ya risasi kwenye udongo. Barua nzuri hudai visima vya uchunguzi vichimbwe kati ya kiwanja na kisima cha wananchi kabla ya mlio wa kwanza, vipimwe kabla ili kuwe na kiwango cha kulinganisha, na matokeo yatolewe kila robo ya mwaka. Bila kipimo cha kabla, miaka kumi baadaye utaambiwa sumu ilikuwepo tangu zamani.

Mtu wa Mombasa haelezwi hili mara mbili. Maji yetu mengi hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na visima vya Tiwi, lakini mabomba yakikauka Kisauni na Likoni watu hurudi kwenye visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe uleule wenye nyufa. Na kuhusu madini ya risasi, mji huu una Owino Uhuru. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwaka 2020 iliamuru wakazi wa mtaa huo walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri, na Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024 baada ya Mahakama ya Rufaa kuutengua. Tazama tarehe hizo, kisha ukumbuke kwamba ni miaka ya mahakamani tu, haihesabu ile ya kuugua.

Kuhusu bahari, ripoti nyingi huandika kwamba eneo litafungwa "kwa vipindi" na kwamba wanamaji watatangaziwa. Neno hilo halimsaidii mwenye ngalawa. Tangazo kwa mabaharia lililoandikwa kwa meli za mizigo halimfikii mtu anayetoka alfajiri na mshipi na dema, asiye na redio ya baharini. Kalenda ya kufunga lazima iwekwe kando ya kalenda ya kuvua. Kwetu kaskazi ndiyo miezi ya bahari tulivu, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, na mvuvi mdogo hupata sehemu kubwa ya mwaka wake humo. Kusi ikishika, mitumbwi mingi haivuki mwamba. Mazoezi ya siku 30 yaliyowekwa Januari si sawa na ya siku 30 zilizowekwa Julai, ingawa jedwali litaandika 30 kote kuwili. Bamvua na maji mafu nazo zina maana kwa akina mama wanaokusanya pweza na chaza maji yakitoka. Wavuvi waandike wenyewe sehemu hii kupitia kikundi chao cha usimamizi wa ufuo, waweke majina ya miamba na mikondo wanayoitumia na wachore ramani yao, kwa kuwa hakuna mshauri kutoka Nairobi atakayeyajua majina hayo.

Sasa tuje kwenye huduma ya kwetu. Kwenye karatasi ni bora kuliko ya Tinian kwa mambo kadhaa, na tunasema hivyo bila kusitasita. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003, kanuni ya 17, zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi karibu na mradi, atangaze katika gazeti la taifa kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya mahali, aitishe mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, atoe notisi angalau wiki moja kabla, na amteue mtu mwenye sifa wa kupokea na kuandika maoni, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Maoni ya mdomo yana uzito wa kisheria. Hilo ni jambo kubwa kwa mzee asiyeandika. Aidha Katiba, ibara ya 70, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameshapata hasara.

Kinachoharibika ni utekelezaji, na huharibika kwa njia zilezile. Mkutano huitishwa kabla ripoti haijakamilika, watu huelezwa faida za mradi, hupigwa picha, majina huandikwa, kisha orodha ile ya mahudhurio huambatishwa mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba walishirikishwa. Jopo la Kitaifa la Mazingira lililikataa jambo hili waziwazi tarehe 26 Juni 2019 lilipofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa Lamu. Mikutano ya utambulisho iliyofanywa kabla ya utafiti haikutosha. Watu walipaswa kuletewa matokeo ya ripoti yenyewe na kuyasemea. Kila anayekwenda kwenye baraza la mradi wowote pwani anapaswa kulijua hilo, na akifika aulize swali moja kabla ya kusaini: ripoti iko wapi? Kama haipo, aandike kando ya jina lake "sijaonyeshwa ripoti". Maneno mawili tu, na orodha ile haitumiki tena kwa urahisi dhidi yake.

Muda wetu pia ni mfupi. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikishapokea ripoti hutangaza katika gazeti rasmi la serikali, na tangazo huandika siku 30 za kutoa maoni, dhidi ya 75 za Tinian mwaka 2025. Ripoti iliyochukua miezi kuandikwa haisomeki vizuri kwa siku 30, hasa ikiwa nakala ni moja na iko ofisini. Sheria inaruhusu kuomba muda uongezwe. Barua ya kuomba ipelekwe wiki ya kwanza, si ya mwisho, na itaje sababu ya kueleweka kama vile ukubwa wa ripoti au kutokuwepo kwa muhtasari wa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa ibara ya 7, kwa hiyo hilo si ombi la fadhila.

Uliza pia mapema mradi umewekwa daraja gani. Tangu marekebisho ya 2019 miradi hugawanywa kuwa ya hatari ndogo, ya kati na kubwa, na ukiwekwa chini, njia yake ya maoni inakuwa nyepesi mno. Watu wamepoteza wiki nzima wakingoja mikutano mitatu ambayo daraja la mradi halikuidai.

Jeshi litasema siri. Hapa ndipo wakazi wengi hukata tamaa, na hawapaswi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazuia habari za usalama wa taifa, lakini pia inaruhusu mahakama kuamuru zitolewe pale maslahi ya umma yanapozidi madhara. Kwa kawaida hamtahitaji kufika huko mkiuliza kwa busara. Msiulize idadi ya vikosi, aina ya rada, wala lengo la zoezi. Ulizeni siku na saa za milio, mpaka wa eneo litakalofungwa, kemikali zitakazobaki ardhini, kisima kitakachotumika, nani ataondoa mabomu ambayo hayakulipuka, na namba ya simu itakayopokelewa usiku. Hakuna adui anayefaidika kwa kujua kisima cha Mtongwe kinapimwa lini. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na taasisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kwa kuwa siku 21 zinakula sehemu kubwa ya zile 30, pelekeni ombi siku ileile tangazo linapotoka.

Sura ambayo huandikwa kwa aya mbili na inastahili kurasa hamsini ni ya usafishaji. Kisiwa cha Kahoʻolawe huko Hawaii kilipigwa mabomu ya mazoezi tangu 1941 hadi 1990. Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 400 za kukisafisha, na jeshi la wanamaji lilipokabidhi usimamizi mwaka 2003, kama robo tatu ya uso wa ardhi ilikuwa imesafishwa, na chini ya udongo ni kama sehemu moja ya kumi tu. Vieques, Puerto Rico, mlinzi raia aliuawa na bomu lililokosa shabaha tarehe 19 Aprili 1999, watu wakajaa kwenye kiwanja cha mabomu na kukataa kutoka, na jeshi likaondoka tarehe 1 Mei 2003. Usafishaji ungali ukiendelea miaka mingi baadaye. Kwetu Kenya, Uingereza ilikubali mwaka 2002 kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 kwa vifo na majeraha ya mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi ya Dol Dol na Archer's Post. Wengine walikuwa watoto waliokuwa wakichunga.

Kwa hiyo barua ya mkazi isiishie kwenye "tunapinga" hata kama anapinga kwa moyo wote. Iongeze masharti ya iwapo atashindwa: fedha za usafishaji ziwekwe kabla ya zoezi la kwanza, kina cha kusafisha kitajwe kwa mita, ardhi itazamwe baada ya kila zoezi na si baada ya miaka 50, na rejesta ya mabomu ambayo hayakulipuka iwe na nakala kwa chifu. Wapo wanaoona kuandika masharti ni kukubali. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Sentensi ya kwanza ya barua yaweza kusema wazi kwamba kikundi kinaukataa mradi, na kwamba yanayofuata yameandikwa bila kuondoa pingamizi hilo.

Kwa hukumu yetu, Tinian inapata alama za juu kwa wajibu wa kujibu na za chini kwa lugha na kwa mzigo wa kurasa. Mombasa inapata alama za juu kwa kanuni za mikutano, redio na maoni ya mdomo, na za chini sana kwa majibu: mtu hupeleka barua na haoni ikitajwa popote. Kifungu kimoja kingerekebisha hilo, cha kumlazimisha mwenye mradi achapishe jedwali la kila hoja iliyotolewa na jibu lake, na ukurasa ulipobadilishwa. Kaunti inaweza kuanza kulidai katika maoni yake rasmi hata kabla sheria haijabadilika.

Hadi hapo, mkazi ajitengenezee kumbukumbu. Barua iwe nakala mbili, zote zipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, moja ibaki ofisini na moja irudi nyumbani. Kila hoja ipewe namba yake. Aliyesema kwa mdomo barazani amwombe mwandishi amsomee alichoandika, halafu kikundi kiandike muhtasari wa kikao jioni ileile na kuupeleka kwa barua pepe kwa NEMA na kwa mwenye mradi. Leseni ikitoka, siku za kukata rufaa kwenye Jopo ni 60. Kitu cha kwanza ambacho wakili atakiomba ni ile nakala yenye muhuri, na cha pili ni ukurasa wa ripoti unaoonyesha kwamba hoja yako namba nne haikujibiwa.